Mzee Turki Aozesha Friji

Bajaji iliingia vichochoro vya Nguvumali nisivyovijua, nami nimepakata kifurushi cha ubani nilichopewa Maskati na mpwa wa Mzee Turki. Penye mlango wa kijani dereva alizima injini, akacheka peke yake.

"Kwa Mzee Turki? Jiandae. Mimi wiki iliyopita nimeozeshwa friji."

Sikuelewa. Ubaharia umenifunza lugha za bandari nyingi, lakini hilo lilikuwa geni.

Barazani alikaa mzee mnene, kofia imelala upande, mkono wa kulia mapajani. Nilimwamkia.

"Marahaba," alijibu, ulimi ukiburuta kidogo. Ubani hakuutazama. Aliunyanyua ule mkono polepole, akaushika wangu. "Nimekuozesha... cherehani yangu... kwa mahari mliyopatana."

"Sema nimekubali!" mkewe, Bi Zuleha, alinihimiza kutoka mlangoni.

"Nimekubali."

"Haya, mume wangu, usimwachie! Mbane mpaka kumi."

Akanibana. Tulipofika kumi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, naye anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Miaka arobaini Mzee Turki alipika halua, akisonga kwa mkono huo. Miezi kumi na moja iliyopita kiharusi kilimwangusha kando ya sufuria. Mkono, mguu na ulimi vikagoma. Sasa Azza, binti yake wa pekee, anaolewa Ijumaa na Ziyad. Baba ndiye walii: humshika bwana harusi mkono wa kulia, akatamka maneno ya kumwozesha. Shehe alikuwa tayari kupewa uwakili, na dini inaruhusu. Mzee alikataa katakata.

Dorkasi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpa mpira wa kubinya. Siku mbili tu akauchoka, akataka kuyafanyia mazoezi maneno yenyewe ya ndoa. Hapo Bi Zuleha akaweka sharti.

"Ndoa haina mzaha," aliniambia huku akinimiminia chai. "Akitamka jina la Azza kwa dereva wa bajaji, mume ndiye huyo! Nikamwambia, baba wee, ozesha vyombo."

Basi ikaozeshwa friji, likaozeshwa kabati, kikaozeshwa kitanda. Mtaa mzima ukawa wakwe zake.

"Ninachoogopa," alisema Bi Zuleha, "Ijumaa asije akamwozesha Ziyad friji."

Ijumaa baada ya sala baraza lilijaa kanzu. Ziyad, fundi simu mwenye ndevu changa, alikaa mkekani, na Mzee Turki kitini mbele yake. Shehe aliinama. "Mzee, nikusaidie?"

Mzee akatikisa kichwa. Mkono ukapanda, ukaukamata wa Ziyad.

"Nimekuozesha..."

Midomo ilitafuta neno. Nyuma yangu dereva wa bajaji alinong'ona, "Yarabi, isiwe friji." Dirishani Bi Zuleha alikuwa ameuma pindo la ushungi.

"...binti yangu... Azza... kwa mahari mliyopatana."

"Nimekubali kumuoa," Ziyad alijibu mbio.

Vigelegele vikalipuka ndani. Ziyad akavuta mkono wake. Haukutoka.

"Baba, nimekubali."

"Nimesikia," alisema Mzee Turki. "Ndiyo kwanza sita."

Hata shehe alicheka mpaka akavua miwani. Ilipotimia kumi, Ziyad akaachiwa, akaanza kupuliza vidole. Masinia ya pilau yakaanza kutoka. Mzee akaikamata fimbo yake, akasimama.

"Unakwenda wapi, mzee?" shehe aliuliza. "Chakula hiki!"

"Kwa Dorkasi. Saa tisa. Mkono umemaliza kazi yake, mguu bado."

"Leo? Siku ya harusi ya mwanao?"

"Fungate likiisha nakwenda kuwasalimu wanangu kwa miguu yangu. Niwekeeni pilau." Akanigeukia. "Na wewe mume wa cherehani, usimalize nyama."

Dereva alikwishawasha bajaji. Alinyoosha mkono kumsaidia kupanda. Mzee akahamishia fimbo kushoto, akampa wa kulia.

"Polepole, mkwe wangu!" dereva alipiga kelele. "Utanivunja!"

Wakaondoka, joho likipepea nje ya bajaji. Mimi nikasogea kwenye sinia, nikamtengea mzee paja la kuku.