Chuo Kilichohamisha Fomu Bila Kuaga

Nilikuwa kwenye foleni ya saiba moja, duka la intaneti, hapa Nyeri. Mbele yangu, mama wa Giakanja alikuwa amekumbatia kiondo chenye vyeti vya bintiye. Maombi ya chuo cha uuguzi yangefungwa saa kumi na moja, na zilibaki dakika ishirini.

Mhudumu alifungua linki ya mwaka jana, ile mama aliyoitumia kwa kifungua mimba wake. Skrini ikaandika: "Ukurasa haupatikani."

"Ati haupatikani?" Mama akaanza kurudisha vyeti kiondoni. "Basi wamekataa msichana yangu."

"Ngoja, mama. Hakuna mtu amekataa. Wamehamisha fomu tu."

Mhudumu akafuta mkia wote wa anwani, akaacha jina la chuo peke yake. Ukurasa wa mbele ukafunguka. Akatafuta humo.

"Hii hapa."

Fomu ilienda zikibaki dakika tatu. Mama hakushangilia, aliketi tu.

Fundi wangu wa viatu alipohama, aliandika kwa chaki kwenye mlango wake wa zamani: "Niko nyuma ya posho mill," pale wanaposaga unga. Na huyo ni fundi viatu tu, si chuo kizima.