Laptopu Yangu Mpya na Vumbi la Siakago

Tangu nianze kufundisha Siakago sijawahi kukasirika hivyo. Laptopu yangu ya wiki mbili ilikuwa imezimika mara nne nikiandika mtihani wa Kidato cha Tatu. Mwalimu mkuu aliutaka kabla ya saa kumi siku hiyo, la sivyo kazi angempa mwenzangu.

Nilikwenda moja kwa moja hadi dukani Embu, nikaibwaga mezani mbele ya wateja.

"Mmeniuzia takataka! Inachemka kama sufuria, kisha inazimika. Nataka nyingine sasa hivi!"

"Pole, Madam," muuzaji alisema. "Haijaanguka?"

"Ianguke mikononi mwangu? Vumbi la Siakago unalijua wewe? Hata chembe moja haijaingia humo. Vitu vyangu navitunza!"

Msichana fundi aliyeketi kando alinitazama sana, akaigeuza. Kila upande ulikuwa umefunikwa kwa nailoni, ile ya kufunikia vitabu vya shule, pembe zimekunjwa vizuri na kubanwa kwa selotepu.

"Matundu ya hewa yako hapa chini," alisema. "Umeyaziba yote."

"Usinifundishe kazi! Wewe ni nani?"

Aliigeuza tena upande wa juu, akasoma kwa sauti kibandiko nilichokuwa nimekiandika kwa mkono wangu: jina langu, shule, na somo, Kiswahili.

"Mwalimu," alisema, akishika ncha ya nailoni, "niitoe, ama utanifukuza darasani tena kwa kutofunika kitabu?"