Mteka Maji wa Kisima cha Msikiti

Mzee anayeteka maji kwenye kisima cha msikiti wetu, hapa Mji wa Kale, simwelewi hata kidogo. Viganja vyake vina mifuo ya kamba, na kila ndoo huipigia bismillahi kabla hajaitumbukiza. Akisikia redio hukunja uso. Maulidi anayaita uzushi, harusi yangu hakuja kwa sababu ya ngoma, na Kasyoka, mama Mkristo jirani yangu afanyaye kazi bandarini, huu mwaka wa sita anamwamkia asijibiwe. Lakini mabomba yakikauka, kwake zamu ni zamu: mtungi wa Kasyoka ukiwa wa tatu, utajazwa wa tatu, tena hadi pomoni.

Ijumaa iliyopita walikuja watu wawili kutoka msikiti mwengine, wakamwambia maji ya wakfu si ya makafiri. "Mwasema kweli," akawajibu, huku avuta kamba. Nikajua leo Kasyoka, aliyekuwa kwenye foleni, atarudi na mtungi mtupu. Mzee akaujaza, akaufuta kitako kwa ncha ya kikoi chake usimloweshe mwenyewe, kisha akawageukia wale wawili: "Haya, nipisheni, mwaziba foleni." Kasyoka akasema, "Asante, baba." Mzee akaangalia ukuta. Kasyoka alipokwisha kwenda, mzee akaninong'oneza, "Yule mwanawe mwenye homa, hajambo?" Nikamwambia, "Si ungemuuliza mamake, alikuwa hapa?" Akanikodolea macho kana kwamba nimekufuru.