Albano na Kitabu cha Kadi Bubu

Albano wa Gongo la Mboto alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo nusura umzike. Mchana alitengeneza kompyuta za watu kwenye kibanda chake. Muda uliobaki aliutoa bure kuandika draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa kilichochomekwa ndani yake. Kifaa chake yeye kilikuwa kadi ya sauti ya zamani, ambayo kiwanda chake kilishafungwa kitambo. Mafundi wenzake kadi kama hizo wanazitupa jalalani. Yeye aliing'ang'ania kama kupe, kwa kuwa kompyuta ya kwaya ya kigango chao ilikuwa nayo, na wako watu nchi za mbali, wasio na uwezo kama yeye, waliokuwa nayo pia na wakimwandikia.

Draiva yake ilitoa sauti upande wa kulia tu. Kushoto, kimya. Bila kitabu cha mtengenezaji hakuna aliyejua upande huo unaamshwaje, na wasimamizi wa mfumo huria, ule wa kompyuta unaogawiwa bure mtandaoni, walishamwambia wazi kwamba asipopata maelezo, draiva itaondolewa humo. Hapo kadi zote hizo zingegeuka takataka. Akaulizia mtandaoni, akaulizia Kariakoo. Mwishowe akasikia kuwa marehemu Thuwaini wa Temeke, aliyewahi kuuza kompyuta, hakuwahi kutupa kitabu hata kimoja.

Binti wa marehemu, Mahfudha, alimfungulia stoo. Wakapekua vumbi mpaka wakakipata, kikiwa ndani ya boksi lake. Albano akakibusu, mtu mzima na mvi zake.

"Chukua, kaka'angu. Hapa kinaliwa na mchwa tu," Mahfudha akasema.

Huruma yake ndiyo iliyomponza Albano. Mirathi ilikuwa haijagawanywa, vitu vilishaanza kupotea stoo, na kaka yake Jawad alikuwa akimshuku kila mtu. Jawad akitoka msikitini akamkuta mtu asiyemjua anatoka uani kwao na boksi lenye jina la duka la baba yake.

"Mwizi!"

Wiki hiyo vibaka walikuwa wamemkata panga mama lishe wa mtaa huo, na watu walikuwa wanatafuta wa kumlipizia kisasi. Bodaboda wakaruka kutoka kwenye pikipiki zao. Ngumi ya kwanza ilimpasua Albano mdomo. Angekimbia, ndiyo angethibitisha wizi. Akasimama, akasema kweli.

"Jamani, mie nimefuata kitabu cha kadi ya sauti!"

"Kadi gani? Unatuona mafala?"

Ukweli wake ulikuwa mbaya kuliko uongo. Wakamwangusha. Mateke yakamwingia mbavuni, na mmoja akavikanyaga vidole vilivyoshika boksi, vikavunjika na boksi hakuliachia. Kisha jamaa mmoja mnene, baba mwenye watoto shuleni, akaokota kipande cha tofali akambamiza nacho sikio la kushoto. Damu ikachuruzika shingoni.

Mahfudha akatoka mbio, ushungi umedondoka. "Nimempa mie! Jawad, nimempa mie!"

Jawad akanywea. "Basi, jamani, nimekosea! Mwacheni!"

Maji yakimwagika hayazoleki. "Umeita mwizi mwenyewe, sasa unamtetea? Kumbe mko pamoja!" Rungu likamng'oa Jawad meno ya mbele. Tairi lilishaburutwa, chupa ya petroli ilishafunguliwa, Mahfudha alipojitupa juu ya Albano akamkumbatia, mwanamke wa heshima zake na mwanamume asiye ndugu yake, mbele ya mtaa mzima.

"Tuchomeni wote!"

Hakuna aliyethubutu. Wakatazamana, wakatawanyika mmoja mmoja. Yule wa tofali alinawa mikono kwenye ndoo ya muuza chipsi, akaagiza sahani yake. Inatia hasira kusema, lakini ni majirani wema hao, wa kuchangia misiba na harusi.

Hospitali wakamwambia Albano kwamba mbavu na vidole vitaunga, ila sikio la kushoto halitasikia tena. Aliporudi kibandani, Jawad akamfuata na kitabu, kurasa zimegandana kwa damu. Wakazibandua taratibu. Albano akasoma, Jawad akachapa mistari ya draiva, maana vidole vya mwenzake vilikuwa kwenye plasta. Albano alikuwa bado na hasira naye, na ilikuwa haki yake.

Ukurasa waliouhitaji ulikuwa mzima. Walipomaliza kuchapa, Albano akavaa hedifoni, akafungulia wimbo wa kwaya. Kulia kukaimba. Akangoja kidogo, kisha akazivua na kumvisha Jawad.

"Kushoto kunasikika?"

Jawad akasikiliza, pengo wazi. "Kunasikika, kaka," akasema, na machozi yakamtoka.

"Acha kulia. Bonyeza hapo, tuwatumie wasimamizi draiva yao."