Begi la Mgeni wa Kinamasini

Mvua ikinyesha hapa Bungoma, begi lililo juu ya kabati langu hunuka matope na matete. Lilikuwa la mgeni aliyefika kwa miguu shambani kwa shangazi, nje ya Kitale, kutazama nzohe, swala anayejificha majini akabakisha pua tu.

Asubuhi nilimpeleka kwenye jukwaa la mbao juu ya kinamasi, ukungu umetanda. Yeye alitazama mbali kwa darubini. Mimi nilitazama chini yetu. Karibu na nguzo kulikuwa na pua mbili, zinapumua polepole.

Nyumbani nikamwambia shangazi. Akaacha kukoroga chai.

“Mbili? Si huku kumebaki nzohe mmoja tu.”

“Moja ilikuwa ndogo. Haikuwa na manyoya.”

Akamgeukia mgeni. “Leo usirudi huko, tafadhali.”

Mgeni alicheka, akaning’iniza begi nyuma ya mlango, akachukua darubini.

“Nitarudi kabla chai haijapoa.”

Shangazi alifunika kikombe cha mgeni kwa sahani. Kilikaa hivyo hadi giza likaingia. Tangu siku hiyo hatukuchota tena maji kinamasini, tulichota kwa jirani, na jirani hakuuliza kwa nini.