Ufito wa Kuburuta Nzi

Fundi amefariki. Kabla sijasema lolote, niwataje kwanza waliokuwepo tulipomzika huku Gare mlimani, maana mimi nimezoea kuanza na watu. Alikuwepo Mama Klara, mkewe, kakaa mkekani bila kuegemea mtu. Alikuwepo Klara mwenyewe, binti yao, ambaye leo naye anaitwa bibi. Alikuwepo Mzee Gaspari, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kijiji enzi za Ujamaa, kaletwa kwa kushikwa mkono kwa sababu macho yamemwisha. Alikuwepo Bi Halima wa dukani, mtu wa Tanga aliyepanda mlima kuolewa na mpaka leo hajashuka. Na mimi, ambaye sikuwa ndugu yake. Shamba letu na lake yalitenganishwa na mfereji tu, na watu wanaogawana maji ya mfereji mmoja hujuana kuliko ndugu wanaosalimiana Krismasi hadi Krismasi. Jina lake sitaliandika. Nilimwita Fundi akiwa hai na sioni kwa nini nimbadilishie sasa. Ila tangu tutoke makaburini sijatulia, wasomaji wangu. Naanza kuchambua maharage, naacha. Nafungua dirisha, nalifunga. Kwa hiyo mkiona maneno yangu yanarukaruka, mjue na mwandishi anarukaruka.

Wadogo hawajui kwamba huko juu yetu, kwenye shamba la Mzungu mmoja wa kahawa, kulikuwa na bwawa pana kama ziwa dogo. Mzungu yule alipandikiza humo samaki wa kwao wenye madoadoa, wanaitwa trauti, na jioni alikuwa akiwavua kwa ufito mwembamba na ndoano iliyofungwa manyoya. Hiyo ndoano ya manyoya wao huiita nzi, kwa kuwa samaki huidhania ni nzi kweli. Fundi alikuwa seremala wa shamba lile, kama baba yake kabla yake, na ndiye aliyempigia Mzungu kasia na kumtengenezea ufito ukivunjika. Uhuru ulipokuja Mzungu akafunga mizigo, akaenda zake, akaacha boti na samaki wake majini. Watu wengi waliangalia mabati na milango ya nyumba ile. Fundi aliangalia bwawa.

Aliwahi kunieleza jambo lake tukiwa tunazibua mfereji, na alieleza haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Kwamba ufito wa Mzungu ulikuwa wa kurusha, mwepesi na mwenye hasira, unafaa kwa mtu aliyesimama ukingoni. Lakini samaki wakubwa hawakai ukingoni, wanakaa katikati kwenye kina, na huko dawa ni kuiburuta nzi taratibu nyuma ya boti. Sasa samaki akiipiga, boti inakwenda mbele na yeye anarudi nyuma, na uzi unakatika katikati ya ubishi wao. Kwa hiyo panatakiwa ufito mwingine kabisa, mrefu, unaolala ubavuni mwa boti, mgumu shinani na laini nchani, ili ukubali kwanza kabla uzi haujakataa. Ufito wa namna hiyo, alisema, Mzungu hakuwa nao, na yeye hajauona popote. Atautengeneza.

Basi akaanza. Mianzi aliikausha juu ya meko ya Mama Klara mpaka ikawa rangi ya chai. Aliipasua vijiti vyembamba, akaviranda vikawa na pembe, akavigandisha pamoja kwa gundi ya ngozi aliyoichemsha mwenyewe, na Mama Klara akawa anakuja kwangu kupika, anasema kwake siku hizi kunanuka ng'ombe aliyekufa akiwa na dhambi. Vipete vya kupitishia uzi vilikuwa vya waya. Pale vipande viwili vya ufito vinapoungana alitia kipande cha bomba la kupulizia dawa kahawa. Siku moja nilikwenda kukata majani kando ya bwawa nikawakuta majini, mke anapiga kasia, mume kakumbatia ufito wake. Alikuwa anamwambia mkewe avute kasia kama mtu aliyebeba mtungi, asitikisike. Mara ufito ukapinda, ukapinda zaidi, ukavunjika juu kidogo ya kiungo. Nilidhani atalia. Akaugeuzageuza, akasema, "Umevunjika pazuri." Mama Klara akanigeukia pale ukingoni akaniambia, "Mama Elia, wengine waume zao wanasifia chakula. Wangu anasifia kuvunjika."

Ukavunjika pazuri mara nyingi. Kila ulipovunjika alikuwa anajua kitu ambacho jana hakukijua, akapanda tena kutoka bondeni na mianzi mingine begani. Kulala alikuwa halali vizuri, kukaa alikuwa hakai. Ukimpa kiti anakishika tu mgongo.

Ndipo ikaja miaka ya kuhamia vijijini. Msinielewe vibaya. Mimi sina ugomvi na Ujamaa, na hizi herufi ninazowaandikia nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima cha wakati huo huo, nikiwa na mtoto mgongoni. Lakini kwetu likaja agizo kwamba kaya kadhaa zishuke nyika, upande wa Magoma, zikafungue kijiji kipya. Wangebaki wenye kazi ambayo kijiji kinaihitaji. Mtu wa mlimani anajua nyika ni nini. Kwetu sisi nyika ni homa. Mama Klara alishamzika kaka yake aliyetoka huko, na Klara wakati ule alikuwa mtoto mwenye kifua kibovu, upepo tu ukimpiga anakohoa wiki. Kwa hiyo siku ya mkutano Mama Klara alimwomba mumewe jambo moja, nami nilikuwepo mlangoni nawasubiri tuongozane. Alimwomba akiulizwa kazi yake aseme ni seremala. Wala si uongo, baba, alimwambia. Ni neno moja tu. Fundi aliendelea kufunga viatu.

Mzee Gaspari aliuliza mtu mmoja mmoja. Mwalimu, akasema mwalimu. Mpishi wa misheni, akasema mpishi. Fundi alipoulizwa akasimama, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia:

"Natengeneza ufito wa kuburuta nzi."

Watu wakatazamana, wanajiuliza kama wamesikia vizuri. Bi Halima ndiye aliyeanza. "Jamani Wasambaa. Kwetu Tanga nzi ndio wanaomfuata samaki." Watu walicheka mpaka Gaspari mwenyewe akafunika mdomo. Na mkumbuke, miaka ile kufukuza nzi tu kulikuwa kosa, mtu anaitwa mvivu, anaitwa kupe, sembuse kuwaburuta. Gaspari hakuwa mtu mbaya. Alimfungulia mlango kabisa, akamwita mgosi, kama tunavyowaita wanaume wetu wa Kisambaa, akamuuliza, "Mgosi, si wewe ni seremala?"

"Seremala alikuwa baba," Fundi akasema. "Mimi umeniuliza kazi yangu."

Gaspari angewaambia nini wakubwa wa wilaya? Kwamba nimemwacha huyu mlimani kwa sababu ya nzi? Fundi na kaya yake wakashuka. Mama Klara alipopita kwangu kuaga hakusema neno juu ya mumewe, wala zuri wala baya. Alinikabidhi kuku wake na akaondoka na mwanawe amefunikwa shuka mbili kwenye jua kali, kama vile homa ni baridi inayomngoja njiani.

Mvua za kwanza huko chini Klara akaanguka kwa homa. Niliyaona haya yanayofuata kwa kuwa nilikuwa kwa mke wa Gaspari naazima ungo. Fundi alitokea mlangoni na tope hadi magotini, amepanda mlima wote peke yake. Alimwamkia Gaspari shikamoo vizuri, akapewa kiti, akakishika mgongo. Akasema, "Niandike seremala."

Gaspari akamuuliza, kwa upole tu, kuhusu ule ufito.

"Niandike seremala, Mwenyekiti."

Wakarudi. Klara alipandishwa mlima mgongoni mwa baba yake, akapona, na ndiye huyo bibi niliyemtaja. Fundi akafanya useremala tangu hapo hadi mikono ilipokataa. Madawati ya shule ni yake, milango ya zahanati ni yake, na nusu ya watu waliolala makaburini kwetu wamelala ndani ya mbao zake. Bwawa likajaa tope kwa sababu hapakuwa na wa kulizibua, boti ikaoza. Sikumsikia tena akitaja nzi. Ila mimi jirani wa mfereji nilikuwa namwona. Akimaliza dawati anatoka nje, anaangalia juu kule, anauinamisha mwanzi mmoja pale ukingoni mwa mfereji, anauachia, anarudi ndani.

Nimekuwa najiuliza ni lipi lililokuwa baya, nami sipati pa kutua. Kama angesema seremala mapema, mtoto asingeugua. Kama kijiji kingekuwa na nafasi kwa kazi isiyo na jina, asingehitaji kusema. Tulikuwa na haraka ya kujenga, na mwenye haraka hutaka maneno anayoyajua: mkulima, mwalimu, seremala. Na hata leo, vijana wanakuja kutueleza kazi zao za kwenye simu na sisi wazee tunawajibu, yaani huna kazi. Wale waliosoma zaidi yangu watapima. Mimi najua tu kwamba kuna watu wanaishi maisha mazima ndani ya neno walilokubali kwa ajili ya wengine.

Padri wetu ni kijana na mgeni, hakumjua. Pale kaburini alisema vizuri sana kwamba tumempoteza seremala hodari. Mama Klara, aliyekuwa ameomba neno hilo hilo miaka yote ile iliyopita, akasema pale pale mkekani alipokaa:

"Padri, hakuwa seremala. Alikuwa anatengeneza ufito wa kuburuta nzi. Useremala alitufanyia sisi."

Hakuna aliyecheka. Klara aliinama akaficha uso kwenye kanga ya mama yake, na Mzee Gaspari, kipofu wa watu, akaitikia kwa kichwa kuelekea upande ambao sauti ilitoka.

Funzo langu ni dogo, wenye makubwa watayasema: ukimuuliza mtu kazi yake, ngoja amalize kujibu. Sasa mliokuwepo nirekebisheni. Huenda nimemsahau mtu, huenda mkutano ulikuwa shuleni na mimi nimeuweka penginepo, huenda kicheko hakikuanza na Bi Halima. Njooni mniambie na nitaandika upya. Ila neno la Mama Klara msiliguse, hilo nililisikia kwa masikio yangu yote mawili.