Laptop yangu iliyochemka Kabiria na vitambaa vya mathe

Wakuu, salamu kwenu nyote. Niaje wa Nairobi, na walio mbali hamjambo.

Mimi ni wa kusoma nyuzi za wenzangu kimya kimya na kuondoka. Leo naweka ya kwangu. Sijaitia chumvi. Anayetaka kubisha abishe tu, mimi nilikuwepo.

Kama umekuja kutafuta dawa ya laptop inayochemka na huna pesa ya kununua nyingine, dawa utaipata humu ndani. Ila siyo hiyo iliyonifanya niandike.

Nakaa Kabiria, hapa Nairobi. Kazi yangu ni transcription. Watu wanarekodi mahojiano yao, mimi navaa headphones na kuandika kila neno, hata kikohozi. Anayenipa kazi ni madam mmoja wa mtaa wa Jamhuri, tumuite Madam Rose. Hana maneno mengi. File ikichelewa anampa mtu mwingine, na ukishanyang'anywa kwa Madam Rose, kurudi ni shida.

Mashine yenyewe ni ex-UK. Yaani ilitumika huko ng'ambo ikachoka, halafu ikaletwa kwetu iendelee kuchoka.

Mwaka jana baba alifariki. Tulimzika kwetu Mwala, wageni wakatawanyika, mathe akabaki peke yake kwenye boma lililokuwa limezoea watu. Nilikuwa nikimpigia simu naambiwa amekula, na kwa sauti najua hajala.

Nikamwambia aje tukae pamoja. Nikahama bedsitter yangu, nikachukua nyumba yenye sebule na chumba, yeye chumbani, mimi kwenye kochi. Rent ya nyumba hiyo inatoka kwa laptop, hakuna kwingine. Kwa hivyo laptop ikifa, nyumba inaenda, na mathe anarudi kukaa peke yake kule.

Hilo ndilo lililoninyima raha, wakuu. Chuma chenyewe ningekitupa.

Sasa, mathe ni wa kizazi cha vitambaa. Mnawajua. TV ina kitambaa, radio ina kitambaa, thermos, migongo ya viti, hata mtungi wa maji. Alikuja na begi dogo la nguo na gunia la nyuzi za kufuma. Baada ya muda sebule yangu ya bachelor ilikuwa inafanana na ya pastor.

Sikulalamika hata kidogo. Majuma ya kwanza alikuwa anakaa anatazama ukuta tu. Alipochukua sindano ya kufuma na kuanza kuimba polepole nyimbo za kanisani, nilijua ameanza kurudi.

Meza ninayofanyia kazi nayo ikapata kitambaa chake, cheupe na kinene, laptop ikae juu yake isikwaruze mbao.

Hapo ndipo mashine ilipoanza vituko. Feni inapiga kelele kama posho mill ikisaga mahindi, chini panachoma, halafu inazima katikati ya sentensi. Unaiwasha, inakubali kidogo, inazima tena.

Nilijaribu tiba zote za bure. Nilifunga tabs zote. Nilipunguza mwangaza wa screen. Niliiinua kwa vifuniko vya soda, vikazama kwenye kitambaa. Niliielekezea feni ya mezani, ikapeperusha vitambaa vya watu nyumba nzima.

(Kuna ndugu humu aliwahi kushauri tuweke barafu kwenye karatasi ya nailoni chini ya laptop. Ndugu, Mungu anakuona.)

Ikabidi niende tao, katikati ya jiji. Nikapanda ngazi kwenye moja ya zile exhibition, majengo ya vibanda ambayo kila mlango umegawanywa mara nne. Fundi akaichukua, akapotea nayo nyuma ya pazia, akarudi akijipangusa mikono.

"Boss, hii ni vumbi. Kwani huko kwenu kuna lami?"

"Mpaka stage tu."

"Si ndio hiyo. Vumbi itakuulia mashine."

Akasema amesafisha na kupaka paste mpya ya kupoza. Nikalipa, nikashukuru. Baadaye nilikuja kujua kwamba feni hakuigusa kabisa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mathe fundi amesema ni vumbi. Nilisema tu kama habari, huku navua viatu. Yeye aliweka chini alichokuwa akifuma, akatazama dirishani, lori la mawe likipita na wingu lake.

Kesho yake akaanza kazi mpya. Nikiuliza ni nini, ananifukuza. Rangi ya zambarau, nyuzi mbili zikifumwa kwa pamoja ili kitu kiwe kizito.

Alikuwa anaifumia laptop nguo, wakuu. Alinikabidhi Jumapili tulipotoka kanisani, ina marinda pembeni na ua katikati.

"Sasa vumbi itaingilia wapi?" akasema, akacheka mpaka meno yakaonekana. Tangu mazishi nilikuwa sijamwona akicheka hivyo. Nilifurahi sana. Nilipiga picha nikaweka status.

Kuna kitu kimoja cha kazi yetu lazima mkielewe. Ukimaliza kuandika, unapakia files mtandaoni, na internet yangu ni ya kubembeleza. Kwa hivyo nilikuwa naiacha laptop ikipakia, nimeteremsha screen karibu ifunge, mimi naenda dukani au nanyoosha miguu hadi Riruta.

Nikitoka tu, mathe anaifunika. Anaipangusa, anaifunika, anavuta kona zote zikae sawa. Akiona nimerudi anaifunua. Kwetu kitu kikipumzika kinafunikwa, ndivyo tulivyolelewa. Yeye aliiona imelala, kumbe ilikuwa inafanya kazi huko chini ya blanketi.

Mambo yakazidi. File moja ikapotea nusu, nyingine ikachelewa. Madam Rose akapiga simu.

"Mutuku, kazi yako naipenda, but client hangoji. Hii ikikosa kufika Friday nampea mtu mwingine, na usikasirike."

Nikaomba. Niliomba vile mtu anaomba akijua hana pengine pa kwenda. Nyumba ni ndogo, na mathe alikuwa amekaa pale pale, sindano imesimama mkononi.

Siku iliyofuata mathe alikuwa na clinic ya macho, nami nikabeba laptop. Tulipotoka tukapitia Riruta, kwa fundi niliyeelekezwa na jirani. Huyu hana pazia. Ana meza kwenye veranda ya duka, kando ya Naivasha Road, kila mtu anaona anachofanya. Akampa mathe stuli, akafungua mashine mbele yetu.

Akatoa feni. Vumbi lilikuwepo kidogo tu. Kilichokuwa kimejaa ni nyuzi. Manyoya laini ya zambarau na meupe yamejizungusha kwenye mapanga ya feni, na pale hewa inapotokea yameshikana, yameziba pote. Fundi alivuta kwa kibano, likatoka bonge zima kama lile la nywele kwenye sinki. Akacheka, hakuwa na ubaya.

"Ala! Kwani hii laptop mlikuwa mnaivalisha sweta?"

Mathe alinyoosha mkono akalichukua lile bonge, akaliviringisha kwa vidole, akalitazama kwa yale macho yaliyotiwa dawa.

"Hii ni yangu," akasema. "Kumbe ni mimi nilikuwa naiziba."

Fundi alinitazama, akamtazama mathe, kicheko kikakauka. "Hapana, mathe, hata vumbi iko. Si hii peke yake." Nilimpenda kwa hilo. Lakini mathe alikuwa ameshalitia lile bonge kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

Mashine ikasafishwa vizuri, paste ikapakwa upya. File ya Madam Rose ilifika mapema. Kazi sikupoteza.

Njia nzima nilimwambia mathe kosa ni la yule fundi wa tao, kosa ni la barabara, kosa ni langu kuiacha imewaka. Aliitikia kila moja. Alikuwa anaitikia tu.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka Jamhuri na kazi mpya, nikiwa na furaha, nikafungua mlango. TV iko uchi. Viti viko uchi, thermos, radio, kila kitu. Sikujua kwamba migongo ya viti vyangu imechanika hivyo. Vitambaa vyote vilikuwa ndani ya gunia, na gunia limefungwa kamba.

"Mvua imekaribia," akasema. "Wacha niende nipande."

Nilibishana naye sana. Nikasema tutaifunika tu ikiwa imezimwa, ni hayo tu, nitamwonyesha taa ya kuangalia. Akasema alinisikia nikimwomba yule mwanamke kwa simu, na hataki kunisikia nikimwomba mtu hivyo tena kwa sababu yake.

"Hiyo kazi ndiyo inakulisha, Mutuku. Mimi nisikuharibie."

Nilibeba gunia hadi kwenye gari la kwenda Mwala. Halikuwa zito. Niliumia sana, na bado naumia.

Sasa ya laptop, maana niliwaahidi. Usiiweke juu ya kitambaa, kitanda au kochi, iweke juu ya kitu kigumu hewa ipite chini. Usiifunike ikiwa imewaka, hata kama screen imeshuka. Fundi asiye tayari kufungua mbele yako, muage kwa heshima. Na kabla hujaamini kwamba ni vumbi, uone hilo vumbi kwa macho yako, kisha uangalie ni nani unamwambia.

Juzi mathe alipiga simu. Akauliza kama nakula, akauliza kuhusu kanisa, halafu akauliza kwa sauti ya chini:

"Na ile mashine, bado inachemka?"

Iko hapa mbele yangu ninapoandika haya. Feni haisikiki. Nikadanganya.

"Bado, Mum. Inachemka vile vile. Fundi anasema ilikuja ikiwa imeharibika. Haikuwa wewe."



"Basi ningekaa tu," akasema.

Nikamwambia arudi, hata kesho, nitamtumia nauli sasa hivi. Akasema ameshapanda, na mahindi hayajipalilii. Nikauliza anafuma nini siku hizi. Akasema hafumi, gunia bado limefungwa.

Ya laptop msinijibu, wakuu, hiyo ilishapona. Ila kama kuna mtu humu mzazi wake aliondoka akiamini ni mzigo, halafu yeye akafaulu kumrudisha, naomba aniandikie hapa chini alimwambia nini.